Kiumbe wa Kwanza katika Tangi la Kioo

Muhula uliopita, baada ya safari ya wanafunzi kwenda Mombasa, kijana mmoja wa kidato cha pili alirudi Busia na kipande cha tumbawe, cheupe, chenye matundu kama sega la nyuki. Alikinunua kwa mchuuzi ufukoni. Akakitia katika ndoo ya maji, akaongeza viganja viwili vya chumvi ya jikoni, akakaa akingoja kimee. Majuma matatu yakapita, ndipo alipokuja kuniuliza kwa nini hakikui. Wenzake walimcheka sana. Mimi sikucheka, maana swali lake lilikuwa la haki, na jibu lake limekuwa refu kuliko nilivyodhani.

Tumbawe si jiwe, wala si mmea. Ni nyumba iliyojengwa na wanyama wadogo, wengine wadogo kuliko punje ya mchele, wakaao wengi pamoja. Kila mnyama ana mdomo mmoja na mikono myororo kuuzunguka mdomo huo. Huvuta chokaa kutoka katika maji ya bahari na kujijengea kikombe chini yake. Akifa, kikombe hubaki, na wengine hujenga juu yake. Tena ndani ya mwili wa mnyama huyo hukaa vijimea vidogo sana visivyoonekana kwa macho, navyo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wao. Ndiyo sababu tumbawe lililo hai lina rangi, na lililokufa huwa jeupe kama mfupa. Kile alichonunua kijana wetu kilikuwa mfupa. Hata angekitia katika Bahari ya Hindi yenyewe kisingemea.

Basi, je, mtu aweza kufuga tumbawe lililo hai nyumbani? Aweza, na wako wafanyao hivyo katika miji mikubwa ya dunia. Lakini sikiliza masharti yake. Maji yawe na chumvi kiasi cha gramu 35 katika kila lita, tena chumvi yenye madini yote ya bahari, si hii tunayotia katika ugali wa mgonjwa. Joto likae kati ya nyuzi 24 na 27, mchana na usiku. Maji yasisimame, yasukumwe na pampu saa zote. Taa ziwe kali. Chokaa ipimwe na kuongezwa. Umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi waweza kukuta umefuga uvundo. Mwaka 1998 maji ya pwani ya Afrika Mashariki yalipata joto kupita desturi, si kwa nyuzi nyingi, nyuzi moja au mbili tu, na matumbawe mengi kutoka Kenya hata Tanzania yalipauka na kufa. Ikiwa bahari nzima haikuweza kuwaokoa, tangi lililoko juu ya meza huko Busia, zaidi ya kilomita 900 kutoka Mombasa kwa barabara, litawezaje?

Kwa wazee wa shule wanaokaa pwani, au wale waliojaliwa fedha na umeme usiokatika, nasema hivi tu. Wasianze na tumbawe la mawe. Waanze na lile laini lisilojenga jiwe, maana lavumilia makosa zaidi. Tangi likae na maji yake miezi kadhaa kabla ya kuletwa kiumbe huyo. Walichukue kwa mfugaji aliyelikuza katika tangi kutoka katika kipande cha mama yake, wala si kwa mtu aliyelivunja baharini. Sheria za Kenya zakataza kuvunja matumbawe katika hifadhi za bahari, na hifadhi za Malindi na Watamu zimelindwa tangu mwaka 1968. Tena tumbawe la mawe halivushwi mpaka wa nchi pasipo kibali, kwa mkataba wa mataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea ya pori. Afisa wa forodha pale mpakani akilikuta katika mfuko wako, hataona kuwa ni ukumbusho wa safari.

Kabla hatujaliacha tumbawe, fanya jaribio moja. Dondosha tone la maji ya ndimu juu ya kipande kilichokufa. Utaona povu dogo: asidi ya ndimu inaila chokaa, nayo gesi ya kaboni dayoksaidi yatoka. Sasa nenda Tororo, ukaokote kijiwe cha chokaa chini ya lile jabali kubwa, ukadondoshe ndimu vilevile. Povu tena! Mwanafunzi mwepesi atasema kwamba Tororo palikuwa bahari zamani. Hapana. Jabali la Tororo ni chokaa iliyotoka chini ya ardhi ikiwa imeyeyuka kwa moto wa volkano, jambo lisilo la kawaida duniani. Wataalamu wa miamba huita mwamba wa namna hiyo karbonatiti. Kwa hiyo saruji ya Bamburi hufanywa kwa chokaa iliyojengwa na wanyama wa bahari, na saruji ya Tororo ilianza kufanywa kwa chokaa ya volkano, na ndimu haijui tofauti yake. Kwa mfugaji, faida ya jaribio hili ni kujua mawe ya kutia katika tangi. Jiwe litoalo povu huyeyuka polepole na kuyafanya maji kuwa magumu. Samaki wa kinamasi hawakuzoea maji hayo. Chagua mawe ya matale au changarawe ya mtoni isiyotoa povu, uioshe mpaka maji yatoke safi.

Nikamwambia kijana wetu: kiumbe wa kwanza wa kufuga ni yule ambaye maji yake unayo karibu. Sisi wa mpakani hatuna bahari, lakini tuna vinamasi vya mafunjo pande zote. Na ndani ya vinamasi hivyo yuko samaki mmoja ambaye watu wa Ulaya wamemfuga katika vioo tangu mwanzo wa karne ya 20, hali sisi twampita kila siku tukienda sokoni.

Samaki huyu ni wa jamaa ya wale ambao Waluo huwaita fulu, Waganda enkejje, na watu wa Mwanza furu. Jina lake la kitaalamu ni Pseudocrenilabrus multicolor. Hupatikana katika mabonde ya Ziwa Victoria na Ziwa Kyoga, na nduguze wafika hata Misri. Hana ukubwa, akizidi sana hufika sentimita 8. Dume ana magamba yenye kung'aa buluu na kijani, na ncha ya pezi lake la chini, karibu na mkia, ni nyekundu kama kaa la moto. Jike ni wa rangi ya udongo, hana fahari yoyote. Sifa yake kubwa kwa mfugaji mpya ni uvumilivu. Maji ya katikati ya mafunjo yana oksijeni kidogo sana, na samaki wengi hawawezi kuishi humo. Huyu aweza, na imeonekana kwamba wale wa kinamasini wana matamvua makubwa kuliko ndugu zao wa maji ya wazi, ili wavute hata hiyo hewa kidogo iliyopo. Samaki wa namna hii hahitaji pampu ya umeme. Wala hahitaji chombo cha kupasha maji, maana joto la nyumba zetu za Busia na Tororo, katika kimo cha mita 1,200 hivi juu ya bahari, lamtosha.

Wako samaki wengine ambao vijana huwapenda, nami nawakataza. Mtoto wa kambale ana sharubu za kuchekesha, lakini atakua kupita urefu wa tangi lako na kumeza wenzake wote. Kamongo vivyo hivyo, tena huuma. Sato mdogo ni mzuri kwa miezi mitatu, kisha ni kitoweo.

Sasa tangi. Mwambie fundi wa vioo akukatie vioo vya milimita 6, akuungie sanduku la sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Gundi iwe silikoni isiyotiwa dawa ya kuua ukungu, kwa kuwa dawa hiyo huua samaki pia. Ukitia maji mpaka sentimita 25, utakuwa na lita 45, yaani kilo 45, bila kuhesabu mawe na kioo. Nimeona kimeza cha miguu mitatu kikianguka na yote yaliyokuwa juu yake. Weka tangi mahali imara, mbali na dirisha lenye jua kali, la sivyo kioo kitafunikwa na utando wa kijani kwa muda wa siku chache. Lifunike kwa wavu, maana samaki hawa huruka.

Maji ya bomba yana klorini. Yaache katika ndoo wazi kwa siku moja au mbili kabla ya kuyatumia. Maji ya mvua ya paa la mabati ni mazuri, lakini usikinge mvua ya kwanza iliyoosha vumbi na mavi ya ndege. Maji ya kinamasi usiyatie hata kidogo ukiweza. Humo mna konokono wanaobeba kichocho. Vijidudu vya ugonjwa huo hutoka katika konokono, huogelea, na kupenya ngozi ya mtu. Vikikosa mtu hufa kwa muda wa siku mbili hivi. Kwa hiyo ukienda kuvua vaa viatu vya mpira virefu, usiogelee, usishike konokono kwa mikono, na majani ya maji utakayoleta uyachunguze moja moja kisha uyaloweke kwanza katika ndoo peke yake, ukiondoa kila konokono atokeaye. Majani mengi ya kinamasini yafaa, ila gugumaji lenye ua la zambarau liache huko huko. Lilionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na twajua lilivyofunga gati na bandari.

Tangi likiisha jazwa, usitie samaki. Hapa ndipo wengi hushindwa, nami nilishindwa. Maji yaonekana safi, yang'aa, na wewe una hamu. Lakini samaki hutoa amonia katika matamvua yake na katika mavi yake, na amonia ni sumu. Katika kinamasi wako bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo ni sumu pia, na bakteria wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haidhuru upesi na ambayo majani huila. Katika tangi jipya bakteria hao hawapo. Wahitaji mwezi mmoja, pengine majuma sita, ili wazaane juu ya changarawe. Tia majani, tia chembe chache za chakula kila siku kama kwamba samaki wamo, na ungoje. Mwenzako akiwa na tangi la zamani lisilo na ugonjwa, mwombe kikombe cha changarawe yake. Ni zawadi bora kuliko samaki. Na siku zote usioshe changarawe yako kwa maji ya bomba. Mimi niliiosha nikidhani nafanya usafi, nikawaua bakteria wote kwa klorini, na baada ya siku nne samaki watano walikuwa juu ya maji wakihema.

Siku ya kuvua, kwanza mwone Bwana Samaki wa mahali penu, umwambie unataka nini na wapi. Atakuambia nyavu zipi zimekatazwa. Kapu dogo au chandarua cha mkono chatosha. Chukua wanne tu: dume mmoja na majike watatu. Madume wawili katika lita 45 watapigana mpaka mmoja afe. Chagua mwenye mapezi yaliyokunjuka, macho maangavu, tumbo lisilobonyea, anayekimbia kivuli cha mkono wako. Asiyekimbia ni mgonjwa. Wabebe katika ndoo yenye kifuniko, wasipate jua. Ukifika nyumbani, changanya maji ya tangi kidogo kidogo katika ndoo kwa muda wa nusu saa, ndipo uwahamishe.

Chakula si kazi. Viluwiluwi vya mbu, minyoo ya udongo iliyokatwa vipande, kumbikumbi wakati wa mvua, dagaa waliotwangwa. Wape kile watakachokimaliza kwa dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Chakula kilichobaki huoza na kuwa amonia. Kila juma toa robo ya maji kwa mpira, ukivuta takataka za chini, kisha tia maji yaliyokwisha kaa ndooni. Samaki wengi wa nyumbani hufa kwa kushiba, wachache sana kwa njaa.

Ukiwatunza hivi miezi michache, siku moja utaona jambo ambalo lazima nikueleze sasa, ili usifanye kosa langu. Jike mmoja ataacha kula. Koo lake litavimba. Atajificha nyuma ya majani, huku kidevu chake kikicheza kama mtu atafunaye. Mimi nilipoona hivyo mara ya kwanza niliamini kuwa ana ugonjwa, na ya kuwa atawaambukiza wengine. Nikamtoa, nikamtupa kwenye nyasi. Alipotapatapa, mdomo wake ukafunguka, na kutoka humo yakamwagika mayai ya rangi ya manjano, kama mbegu za mtama. Nilijaribu kuyarudisha katika maji. Hayakufaa kitu.

Jike huyu hakuwa mgonjwa, alikuwa analea. Akiisha kutaga huyachukua mayai yote mdomoni, na humo huyageuzageuza ili yapate hewa. Kwa siku kumi hata kumi na nne hali kitu. Vitoto vikitoka, huviachia viogelee mbele yake, na kivuli kikipita vyote hurudi mbio kinywani mwa mama. Huendelea hivyo kwa siku kadhaa nyingine. Wewe usifanye lolote, ila dume akimsumbua, mtenge kwa kipande cha kioo, na vitoto vipe unga wa dagaa laini kabisa. Nimewaona wanafunzi watoro wa darasani wakikaa saa nzima mbele ya jambo hili bila kusema neno.

Ziwa lililo hapo Majanji, Sio Port na Port Victoria lilikuwa na aina za fulu ambazo wataalamu hukadiria kupita 500, na nyingi zao hazipatikani penginepo duniani. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, sangara, yule mbuta wa Waluo, alitiwa ziwani humo ili wavuvi wapate samaki mkubwa. Walimpata. Lakini kuanzia miaka ya 1980 fulu walipungua ghafula, na inakadiriwa aina zipatazo 200 zimetoweka. Kwa sehemu kosa ni la sangara, kwa sehemu ni la maji yaliyochafuka na uvuvi uliozidi. Katika miaka ya 1990 bustani za wanyama za Ulaya na Marekani zilikuwa zikilea aina kadhaa za fulu wetu katika vioo, ili zisipotee zote. Huku kwetu waliobaki wamejificha katika mafunjo, ambamo sangara hawezi kupumua, na katika viziwa vidogo kama Kanyaboli, kando ya kinamasi cha Yala, ambako hata ngege wa asili angalipo. Kanyaboli tuiache.

Na hapa mpakani pana jambo la pekee. Mto Sio unamwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Mto Malaba, ambao si mbali nao, huenda upande mwingine, ukaingia Mpologoma hata Ziwa Kyoga. Mtu mwenye baiskeli na ndoo aweza kwa nusu siku kufanya kile ambacho mito hiyo haifanyi. Kwa hiyo andika juu ya tangi lako, kwa rangi isiyofutika, mahali na tarehe uliyovulia samaki wako, wala usichanganye wa Sio na wa Malaba. Likizo ikifika, samaki wakubwa walioshiba vizuri waweza kukaa juma moja bila chakula. Ikizidi hapo, mwachie mtu wa kuwalisha, umfungie chakula cha kila siku katika karatasi yake, asije akawapa cha mwezi kwa siku moja. Ukichoka kufuga, mpe mwenzako. Usimwage tangi mtoni, hata ule mto uliowatoa, maana ugonjwa walioupata kwako watawapelekea ndugu zao.

Kijana wetu wa kidato cha pili alinunua vioo kwa akiba yake, akangoja majuma matano, huku wenzake wakimcheka tena kwa kufuga maji matupu. Sasa ana dume mmoja na majike watatu wa mto Sio. Kipande cha tumbawe kiko dirishani, kikavu. Jumatatu iliyopita jike mmoja aliacha kula.